Buswelu, Mwanza: kiwanja kiko chini ya mawe makubwa, nichimbe kisima mita ngapi na upande upi?

Mjenzi_Buswelu

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri wa watu wanaojua uchimbaji wa visima kwenye haya mawe yetu ya Mwanza.

Kiwanja kipo Buswelu, mita 30 kwa 45, kwenye mteremko. Upande wa juu kuna yale mawe makubwa yaliyopandana, udongo ni kichanga chepesi. Upande wa chini ardhi inashuka mpaka kwenye kibonde chenye mikuyu miwili na udongo mweusi unaopasuka kiangazi. Simu inaonyesha mwinuko wa karibu mita 1,180. Jirani wa kulia ana kisima cha kuchimba kwa mkono, mita 9, kinakauka Agosti mpaka mvua zirudi. Jirani wa juu alichimbiwa kwa mashine mita 110, likatoka vumbi tupu mwanzo mwisho. Jirani wa chini hana kisima, ila choo chake cha shimo kiko karibu na mpaka wetu.

Nimepewa makadirio mawili. Wa kwanza anataka alipwe kwa mita na anasema twende mpaka 120 "tukutane na maji ya ziwa". Wa pili anatoa bei moja ya jumla: mita 80, shimo la inchi 6 na nusu, kesingi (bomba la kushikilia kuta za kisima) ya inchi 4, na pampu anatoa yeye. Huyo anasema upimaji hauna haja kwa kuwa ana mtu wa fimbo (anayetafuta maji kwa kushika kijiti).

Nyumba ni ya watu sita na bustani ndogo ya mboga. Nichague upande gani, niende mita ngapi, na niandike nini kwenye mkataba ili nisiishie kama jirani wa juu?

Mwamba_Mama

Mkuu, kwanza litoe ziwa kwenye hesabu. Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Wewe uko 1,180, kwa hiyo shimo lako likifika mita 46 limeshalingana na uso wa ziwa. Jirani yako wa juu alishuka mita 110, yaani alipita chini ya uso wa ziwa kwa mita 50 au zaidi, na bado akakuta vumbi. Granaiti isiyo na ufa haipitishi maji hata ukichimba hatua mia kutoka ufukweni. Na mwendo wa kawaida wa maji ya ardhini hapa ni kutoka vilimani kwenda ziwani. Kitakachojaza kisima chako ni mvua inayonyesha juu ya mteremko wako na kuzama pale.

Mwamba wa Mwanza ni granaiti ya zamani sana, zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mwamba wenyewe hauna matundu ya kubeba maji kama mchanga au mawe ya chokaa. Maji yanakaa sehemu mbili tu: kwenye mwamba uliooza na kwenye nyufa. Ukichimba kwenye mteremko kama wako utapita kwanza kichanga (luseni), kisha udongo mwekundu au mfinyanzi, wakati mwingine na ganda gumu la moramu. Chini yake unakuja mwamba uliooza, unaoonekana kama mchanga mkali wenye chembe nyeupe na maika inayong'aa. Halafu mwamba uliopasukapasuka, na mwisho mwamba mzima wa kijivu. Sehemu nzuri kuliko zote ni mita chache za mwisho za mwamba uliooza pamoja na mita za mwanzo za mwamba uliopasuka. Juu zaidi kuna mfinyanzi mwingi: una maji lakini hauyaachii. Chini zaidi nyufa zinabanwa na uzito wa mwamba na zinapungua kadiri unavyoshuka.

Ndiyo maana mita 120 siyo dawa. Kwenye granaiti, kisima ambacho hakijaonyesha maji kufikia mita 70 au 80 kina nafasi ndogo ya kubadilika huko chini. Nyufa za kina kirefu zipo, lakini ukizitafuta bila kipimo unalipia bahati kwa mita. Fedha ya hizo mita 40 za ziada ina kazi bora kwenye upimaji.

Sasa upande. Yale mawe yaliyopandana yamebaki pale kwa sababu nyufa zake ziko mbalimbali na maji yameshindwa kuyaozesha. Pale ambapo nyufa zilikuwa karibukaribu mwamba ulioza, ukaoshwa, na ndiyo mabonde unayoyaona. Kwa hiyo usichimbe mguuni mwa mawe. Tafuta mstari: kibonde kilichonyooka, mikuyu iliyopangana, nyasi zinazobaki kijani Septemba, mpaka kati ya granaiti na mwamba mweusi mgumu unaokatiza kama ukuta (hizo ni kuta za doloraiti, na pembeni mwake mwamba huwa umevunjika). Ukitazama picha za setelaiti za Buswelu utaona mistari hiyo ikikatiza vilima. Inapokutana miwili ni pazuri zaidi.

Kwako nafasi iko nusu ya chini ya kiwanja. Lakini usishuke hadi kwenye udongo mweusi wenyewe. Mfinyanzi wa mbuga hauruhusu mvua kuzama haraka, na maji yake mara nyingi ni mazito kwa chumvi. Mahali ambapo luseni inaanza kubadilika kuwa itogolo (udongo mgumu wa chini ya mteremko), juu kidogo ya mbuga, ndipo pa kupima kwanza.

Kuhusu upimaji, dai upimaji wa umeme wa ardhi (umeme unapitishwa ardhini kutambua tabaka zake), siyo fimbo. Fimbo haikuambii unene wa mwamba uliooza, na unene huo ndio unaonunua. Mpimaji aanze na mstari wa kukatiza mteremko kutafuta sehemu dhaifu, kisha apige vipimo vya kushuka chini kwenye nukta mbili au tatu. Ili kuona mpaka mita 60 hivi nyaya zake zinahitaji kufunguka mita 100 hadi 150 kila upande wa katikati. Kiwanja chako hakitoshi, kwa hiyo atumie barabara ya mtaa au shamba la jirani kwa ruhusa. Akipima kando ya uzio wa mabati, chini ya nyaya za umeme au juu ya bomba la chuma, namba zake hazina maana.

Ukipokea ripoti usiridhike na neno "maji yapo mita 65". Angalia namba. Granaiti nzima inasoma zaidi ya om-mita 1,000 (kipimo cha jinsi ardhi inavyozuia umeme), mara nyingi elfu kadhaa. Mwamba uliooza wenye maji unacheza kati ya 50 na 150. Chini ya 20 shuku mfinyanzi au maji ya chumvi. Nukta yenye tabaka la 50 hadi 150 lenye unene wa mita 20 au zaidi, chini yake namba ikipanda polepole, ni nzuri. Ikiruka ghafla kutoka 80 hadi 3,000 umekutana na mwamba mzima usio na sehemu iliyopasuka. Ikionyesha mita 5 tu za uozo, usichimbe hapo.

Jirani wa kulia anakupa taarifa ya bure. Kisima cha mita 9 kinachokauka Agosti kinakuambia maji ya juu yapo, ila kiangazi yanashuka chini ya kisima chake. Pima kina cha maji yake sasa na tena mwezi wa saba, kabla hakijakauka.

Fundi_Rigi

Naunga mkono maelezo ya hapo juu. Niongeze upande wa mashine, kwa sababu kisima kinaweza kupata nukta nzuri kikaharibiwa na mtu wa kesingi.

Hayo makadirio ya pili yana kosa ambalo litakugharimu. Shimo la inchi 6 na nusu ni milimita 165. Kesingi ya inchi 4 ina kipenyo cha nje cha milimita 110 hivi, na ndani inabaki karibu 100. Pampu ya kawaida ya inchi 4 ina milimita 96 hadi 100. Itaingia kwa kubana au haitaingia kabisa, na ikiingia siku moja mchanga kidogo utaikamata usiitoe tena. Akikwambia basi tuweke kesingi ya inchi 5 (nje milimita 140) kwenye shimo lilelile, nafasi ya pembeni inabaki milimita 12, changarawe inaning'inia njiani na kuacha mapengo. Kwa nyumba, dai shimo la inchi 8 mpaka mwisho na kesingi ya PVC ya inchi 5 ya visima, yenye ukuta mnene na nyuzi za kufungia. Mabomba ya maji taka ya gundi hayafai, yanapasuka au yanabonyea yakibanwa na udongo.

Hatari ya pili ya Buswelu, na miteremko yote ya mawe kuanzia Nyasaka mpaka Igombe, ni mawe yanayoelea ndani ya uozo. Biti (kichwa cha kuchimbia) inagonga jiwe gumu mita 6, mchimbaji anatangaza "mwamba mama", anaweka kesingi hapo, kumbe ni jiwe la mita mbili na chini yake uozo unaendelea. Huo uozo unabomoka na kuziba shimo. Dawa ni kuendelea kuchimba angalau mita 5 ndani ya jiwe gumu kabla ya kuamini kwamba ni mwamba wenyewe, na kuwa na kesingi ya muda ya chuma ya kushikilia sehemu laini. Biti ikigonga jiwe kwa ubavu inapinda, na shimo lililopinda halipokei kesingi. Mchimbaji apunguze msukumo anapoingia kwenye jiwe, na kabla ya kushusha kesingi ashushe bomba nyoofu la mita 6 kujaribu njia.

Siku ya kuchimba weka mtu wa kuandika. Sampuli kila mita, zipangwe chini kwa mstari, na dakika za kuchimba kila mita ziandikwe. Vipande vyenye kutu ya kahawia ni ukuta wa ufa ambao maji yamepita. Unga mweupe au vipande safi vya kijivu ni mwamba mzima. Biti ikiruka ghafla au kasi ikiongezeka, andika kina. Vumbi likigeuka kuwa uji, kisha maji, andika tena. Kila baada ya ufa mpya mchimbaji asimamishe na apime: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40 ni lita 1,800 kwa saa, ikijaa kwa dakika 2 ni lita 600. (Wote wavae barakoa. Vumbi la granaiti linaharibu mapafu na halitibiki.)

Mahali pa kusimama: kama mita 20 hadi 25 mfululizo ni vipande safi, kasi haibadiliki na hakuna unyevu, simama. Kwa kiwanja chako ningepanga bajeti ya mita 60 hadi 80, na uamuzi wowote wa kupita 80 uwe wako kwa maandishi, usiwe wa mwendesha mashine.

Kesingi sasa. Bomba lenye matundu liwekwe mbele ya sehemu zilizotoa maji tu, kwa kufuata daftari lako, siyo "mabomba matano ya chini" kwa mazoea. Chini kabisa weka bomba zima la mita 3 lenye kifuniko, mashapo yakae humo. Changarawe iwe ya mto, ya mviringo, milimita 2 hadi 4, iliyooshwa. Mwanza kokoto za kupondwa ziko kila kona na wengi wanamwaga hizo. Zina unga, zina ncha, na zinaziba matundu. Nafasi kati ya shimo la inchi 8 na kesingi ya milimita 140 inakula lita 17 kwa kila mita. Mita 45 za changarawe ni lita 765, ongeza robo kwa sehemu zilizomomonyoka, agiza mita moja ya ujazo. Imwagwe polepole huku ikihesabiwa. Ikijaa kabla ya hesabu, imening'inia.

Juu ya changarawe weka bentonaiti (mfinyanzi unaovimba ukilowa) mita moja hadi mbili, kisha uji wa saruji mpaka juu. Mfuko wa kilo 50 kwa lita 25 za maji unatoa kama lita 41, kwa hiyo mita 10 za kuziba zinataka mifuko mitano. Hiki ndicho kipengele kinachorukwa kuliko vyote, kwa sababu hakionekani rigi (mashine ya kuchimbia) ikishaondoka. Simama hapo uone saruji inaingia. Wengine wanarudisha udongo wa shimo, na maji ya chooni yanashuka kando ya kesingi moja kwa moja hadi kwenye pampu.

Kusafisha kwa hewa kusipungue saa 3, na kuendelee mpaka ndoo nyeupe ikitulia isionyeshe mchanga.

Mkataba: bei ya kuchimba kwa mita iliyochimbwa kweli, bei ya kesingi kwa mita iliyowekwa kweli, kiasi cha kulipa kisima kikiwa kikavu, kipenyo cha shimo na cha kesingi, saa za kusafisha, saa za kupima, na daftari la kisima kama sharti la malipo ya mwisho. Mchimbaji awe na leseni ya Wizara ya Maji, na kibali kishughulikiwe Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria kabla rigi haijafika. Makao yao yako hapahapa Mwanza, na utaratibu uko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Ulizia pia kumbukumbu za visima vya jirani.

Mjenzi_Buswelu

Ahsanteni sana wakuu, nimeelewa mengi. Wa pili amekubali inchi 8 na upimaji, bei imepanda kidogo. Mawili yamebaki. Anasema atapima kwa pampu saa mbili, inatosha? Na choo cha jirani wa chini kiko mita 18 kutoka nukta ninayoipenda. Nikipata lita 500 tu kwa saa nikubali au nichimbe pengine?

Pampu_na_Tanki

Kaka, lita 500 kwa saa kwenye granaiti ni kisima kizuri cha nyumba. Watu sita kwa lita 80 kila mmoja ni lita 480 kwa siku, weka na bustani iwe 1,000. Saa mbili za kusukuma zinamaliza. Hata lita 200 kwa saa, ukiisukuma saa 8 kwa vipindi, ni lita 1,600. Unachohitaji ni tanki la lita 3,000 hadi 5,000 na pampu isiyozidi uwezo wa kisima. Wengi wanaacha kisima cha lita 400 na kulipia shimo la pili, wakati tatizo lilikuwa pampu ya lita 3,000 kwa saa iliyokausha shimo kila baada ya dakika kumi.

Saa mbili hazitoshi. Kesingi ya inchi 5 ina kama lita 12 kwa kila mita. Maji yakisimama mita 15 kwenye shimo la mita 60, kuna zaidi ya lita 500 zimelala tu humo ndani, na changarawe ina zake. Saa ya kwanza unapima akiba, hupimi chemchemi. Kwa nyumba dai saa 12 kwa mtiririko usiobadilika, halafu muda wa maji kurudi mpaka yafike angalau asilimia 90 ya kimo cha mwanzo. Kina kisomwe kila dakika kwa dakika 10 za mwanzo, kila dakika 5 mpaka saa moja, kisha kila nusu saa. Kwenye mwamba wa nyufa angalia jambo moja hasa: kina kinashuka taratibu, halafu ghafla kinaporomoka. Maji yamepita chini ya ufa mkuu, au ufa wenyewe umefika mwisho wake. Kiwango salama ni kile ambacho kina kinatulia juu ya ufa huo. Ukisukuma mpaka ufa uwe wazi hewani, maji yanapungua, chuma kinaganda kwenye matundu na kisima kinazeeka kabla ya wakati.

Na majira. Kisima kilichopimwa Aprili katikati ya masika kinajisifu. Ukipima wakati huo, panga pampu kwa asilimia 60 hivi ya kilichoonekana ili Septemba ikukute salama. Ukipima Septemba, asilimia 70 hadi 80 inatosha.

Mfano wa kuchagua pampu: maji yakisukumwa yanatulia mita 45, tanki liko mita 6 juu ya ardhi, msuguano wa bomba mita 5, jumla mita 56. Kwa lita 1,500 kwa saa, injini ya kilowati 0.75 inatosha. Usisome namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi, maana "mita 90" na "lita 4,000" hazitokei kwa wakati mmoja. Dai mchoro wa pampu, tafuta mita 56, soma lita zake. Ining'inize mita 3 hadi 5 juu ya kitako cha kisima, mbele ya bomba zima na siyo mbele ya matundu, kwa sababu mchanga unavutwa hapo. Kama maji yote yanaingia juu ya pampu, ivalishe koti la bomba ili yapite kando ya injini kwanza, bila hivyo inaungua kwa joto. Bomba la HDPE la milimita 40 (lile la 32 linapandisha msuguano), kamba ya nailoni isiyooza, valvu ya kuzuia maji kurudi, na kizimio cha pampu maji yakikatika. Umeme wetu ukishuka chini sana injini ndogo hazimalizi mwaka, kwa hiyo weka na kilinzi cha volteji.

Igombe_Pwani

Samahani kwa kudandia. Sisi tuko ufukweni kabisa upande wa Kayenze, mchanga mtupu. Haya ya granaiti yanatuhusu?

Mwamba_Mama

Kwa sehemu tu, ndugu. Kwenye mchanga wa ufukweni hapo ziwa linahusika kweli, maji yake yanapenya mchangani na kimo chake kinafuata kimo cha ziwa. Huhitaji nyundo ya hewa ya kuvunjia mwamba. Kisima kifupi cha makalvati au cha kuchimba kwa tope kinatosha, ila matundu ya bomba yawe madogo, milimita 0.5, la sivyo unasukuma mchanga. Ndani ya kisima cha mkono usishushe kamwe pampu ya petroli kukausha maji. Moshi wake unaua walio chini kwa dakika chache.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, kwa hiyo pima umbali huo kwanza. Na ziwa hupanda: 1961 hadi 1964 lilipanda zaidi ya mita 2, na 2020 likafika juu tena. Likipanda, mashimo ya vyoo ya ufukweni yanajaa kutoka chini na kisima kinanywa humo. Kiweke upande wa juu wa makazi.

Mjenzi, choo kilicho mita 18 ni karibu mno hata kama kiko chini yako. Pampu ikifanya kazi inavuta kutoka pande zote, na kwenye nyufa uchafu hausafiri polepole kama kwenye mchanga. Mita 30 ndiyo ya chini, na kwa mwamba ulio karibu na uso ningetaka 50. Panda kiwanja kwa mita 15 hivi. Mpimaji apige nukta hapo kabla ya nyingine. Ikiwa uozo unafika mita 15 au 20, chukua hiyo, hata kama nukta ya chini ni nene zaidi, na saruji ishuke mita 10 kamili. Shimo la maji taka lako mwenyewe liende kona ya chini.

Maabara_Ziwa

Limebaki la ubora, na kwa granaiti ni la lazima. Kabla ya kupima, ua vijidudu vilivyoingia na mabomba. Kwa mita 45 za maji, takriban lita 800 pamoja na yaliyo kwenye changarawe, tumia gramu 90 hadi 100 za unga wa klorini wa asilimia 65. Ukoroge kwenye ndoo ya maji, umimine kisimani, zungusha maji kwa pampu kwenda na kurudi mpaka harufu isikike kwenye bomba, uache usiku kucha, kisha uyamwage mbali na bustani na mbali na shimo la maji taka. Subiri klorini iishe kabisa ndipo uchukue sampuli. Klorini iliyobaki inaua vijidudu ndani ya chupa na majibu yanatoka safi bila ukweli.

Sampuli ya vijidudu ichukuliwe kwenye chupa iliyotakaswa ya maabara, siyo chupa ya soda. Choma mdomo wa bomba kwa moto, acha maji yatiririke dakika 5, jaza ukiacha nafasi kidogo juu, weka kwenye barafu na fikisha ndani ya saa 6. Ya kemikali ni lita moja kwenye chupa ya plastiki uliyoisuuza mara tatu kwa maji yaleyale. Chukua mwishoni mwa lile jaribio la saa 12, siyo mwanzoni.

Omba vipimo hivi: floraidi, naitreti, chuma, manganizi, ugumu, chumvi, pH, na kolifomu za kinyesi (bakteria wanaoonyesha uchafu wa choo). Floraidi inatoka kwenye madini ya granaiti yenyewe, na kadiri maji yanavyokaa muda mrefu kwenye mwamba ndivyo inavyoongezeka. Kuelekea Shinyanga tatizo ni kubwa zaidi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Juu ya hapo meno ya watoto wanaokua yanapata madoa ya kahawia, na kwa kiwango kikubwa mifupa inaharibika. Kuchemsha hakuondoi floraidi, kunaikoleza. Mkaa wa mifupa unaipunguza, lakini kwa nyumba njia rahisi ni kunywa maji ya mvua au ya mamlaka na kuacha ya kisima kwa kufua na bustani. Paa la mita za mraba 100 kwa mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka linakusanya kama lita 80,000.

Naitreti mwisho wake ni miligramu 50 kwa lita, na ikianza kupanda mwaka hadi mwaka ujue choo kimefika kisimani. Ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kuchanganya na maji hayo.

Chuma hakiui, ila kinachosha. Maji yanatoka angavu, yakikaa tankini yanageuka kahawia na kutia madoa nguo nyeupe. Zaidi ya miligramu 0.3 utaanza kuona. Yamwage tankini kupitia bomba lenye matundu ili yapate hewa, yatulie, kisha yapite kwenye chujio la mchanga unaooshwa kila wiki mbili au tatu. Ukiona utelezi mwekundu kama uji ndani ya bomba, hao ni bakteria wa chuma, rudia klorini. Wenzetu wa Geita na maeneo mengine ya dhahabu wapime na arseniki, kiwango chake ni miligramu 0.01 tu na haina rangi wala ladha.

Rudia vijidudu na naitreti mwezi wa nne baada ya mvua kubwa, wakati vyoo vimejaa, halafu floraidi na chumvi mwezi wa tisa maji yakiwa chini. Andika kwenye karatasi ya maabara kina cha maji siku hiyo na saa ambazo pampu ilikuwa imefanya kazi.